Matundu Niliyoyaziba Spring Valley

Kangemi, Jumapili alasiri

Naliaka mama,

Wewe na mamako mmetoka kwenda kuaga watu wa kanisa, na nawajua, hamrudi kabla ya kikombe cha tatu cha chai. Kwa hivyo nina muda. Nimeketi mezani jikoni, nimesukuma sufuria kando, na nimechukua daftari lako moja la chuo lililokuwa na kurasa tupu huku nyuma. Usinikasirikie. Sitakwambia ubebe sweta, mamako ameshafunga mbili. Sitakwambia upige simu ukifika, maana usipopiga atakupigia yeye mpaka simu yako izime. Habari za chakula, malaria na wanaume wa Bungoma nazo zimeshughulikiwa, nilizisikia zote kupitia ukutani.

Mimi nina jambo moja tu. Linahusu dari ya nyumba kuukuu kule Spring Valley, na mtu anayeitwa Wekesa.

Jumatano ulikuja na karatasi yako ya kazi ukatusomea kwa sauti, umesimama hapo mlangoni kama mtangazaji wa redio. Shule ya zamani kule Bungoma, mabweni manne, mapaa yote yafumuliwe na kujengwa upya, na wewe msaidizi wa mkuu wa mafundi. Haki nilifurahi. Kisha ukasema, "Baba, huyo mkuu anaitwa Wekesa. Nilimwona siku ya mahojiano. Mzee, alifanya kazi Nairobi kitambo, kidole kimoja hana. Si ndiye yule wako wa vigae?" Ukacheka. Mamako akacheka. Ukasema, "Usijali, nitamchunga asiniharibie kazi." Mimi nikasema chai imepoa, nikatoka nje.

Ndiye. Kidole ni cha mkono wa kushoto, kilichukuliwa na msumeno kabla hata sijamjua.

Nimewalea wewe na ndugu yako kwa hadithi ya Wekesa. Ukiosha sufuria nusunusu nilikuuliza, "Unataka kuwa kama Wekesa?" Ukiandika hesabu zako kwa haraka ukimbilie kuruka kamba, Wekesa. Ndugu yako hajawahi kumwona hata siku moja, lakini kitu kikivunjika nyumbani anasema "hiyo ni kazi ya Wekesa", na mimi namwacha aseme. Hadithi yenyewe unaijua kwa moyo: fundi aliyepanga vigae ovyo, nyumba ya watu ikavuja, akafukuzwa, na babako shujaa akaja akaokoa paa. Basi hadithi hiyo ni ya uongo, Naliaka. Usidhani niliongeza chumvi kidogo, ni ya uongo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na aliyeitunga ni mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na unisome polepole, maana wewe husoma barua kwa kuruka mistari.

Nilipokuja Nairobi sikujua paa. Nilikuwa nabeba mawe kwenye mjengo wa ghorofa pale Hurlingham, nalipwa jioni, naamka asubuhi mgongo unauma. Wekesa alikuwa hapo anafunga kenchi za paa. Alinisikia nikiimba kwa lugha ya nyumbani, akaniita juu. Hivyo tu. Hakuniuliza cheti wala nini. Alinifundisha kushika nyundo upya kabisa, maana alisema mimi napiga msumari kama mtu anayeua nyoka. Baada ya mwaka tukawa wawili, tunafanya mapaa ya zile nyumba za zamani za Lavington na Spring Valley.

Wewe umesomea mapaa chuoni lakini sijui kama mlipelekwa kwenye nyumba zile. Kuta za mawe mazito, paa kali la vigae vyekundu, na kati ya vigae na dari kuna nafasi ambayo mtu mzima anasimama wima bila kuinama. Mchana wa Februari huko ndani ni tanuri. Asubuhi ya Julai unaona pumzi yako. Wenye nyumba wanaishi chini yake na hawajui kuna chumba kizima juu ya vichwa vyao, chenye vumbi la miaka, mavi ya popo na nyaya zilizotafunwa na panya.

Siku yangu ya kwanza darini Wekesa aliniambia, "Kanyaga mbao peke yake. Hiyo bodi ya dari ni kama mkate." Nikasema sawa, nimeelewa. Hatua ya tatu nikakanyaga bodi. Mguu wangu mzima, na kiatu na soksi iliyotoboka, ukashuka kupitia dari ya sebule ya mwenye nyumba, na hapo chini mama mmoja wa Lavington alikuwa anawapa wageni chai. Nilisikia kikombe kinaanguka. Nilisikia mtu anataja jina la Yesu. Wekesa alinivuta kwa mshipi, na kabla sijafunga mdomo alikuwa ameshashuka ngazi. Nikamsikia anasema, "Pole sana Mama, ni mimi nilimwambia akanyage hapo. Makosa ni yangu." Aliziba lile shimo Jumapili, siku yake ya kupumzika, na hakunitajia tena. Nakwambia hili ili ujue ni mtu wa aina gani niliyemfanyia nitakachokusimulia.

Nyumba ya Spring Valley ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mtu wa Kabete kwa kuzaliwa, ambaye sisi tulimwita Mama Mwalimu. Wekesa ndiye aliyempangia vigae upya, na chini ya vigae akatandika ile karatasi nyeusi ya lami. Kazi safi. Nilikuwepo, nilimpitishia kila kigae kwa mkono wangu. Mwaka uliofuata Mama Mwalimu akalalamika baridi. Wewe unajua Julai ya Nairobi, jua linakwenda likizo, na yeye alikuwa na miguu inayouma. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba ukiweka pamba ya glasi darini nyumba inahifadhi joto. Wekesa wakati huo alikuwa na kazi nyingine Lavington, kwa hivyo hiyo ya pamba nikaachiwa mimi. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, Naliaka. Nilinunua penseli mpya ya kuweka sikioni.

Kabla sijaanza, Wekesa alipita asubuhi moja akapanda darini na mimi. Akanionyesha pale paa linapokutana na ukuta, kote pembezoni. "Pamba isifike hapa," akasema. "Acha upana wa kiganja, hewa iingie." Akanionyesha vile vidirisha vya mbao za mshazari kwenye ncha mbili za nyumba. "Na hapa itokee. Popo wakikusumbua weka wavu. Usizibe, bwana. Dari ikinyimwa hewa inaoza." Alisema hayo mbele ya mtunza bustani aliyekuwa ameshika ngazi, na alisema kwa sauti ile ile aliyotumia siku ya mguu. Mimi nikasikia anavyosema na sikusikia anachosema. Nikajiambia, huyu ataniona mtoto mpaka lini?

Nikatandika pamba siku tatu. Inawasha ile kitu, inaingia mpaka kwenye kope. Siku ya tatu Mama Mwalimu akapanda ngazi, na umri wake huo, akachungulia kwenye mlango wa dari.

"Fundi, mbona huko kando umeacha wazi?"

"Ni ya hewa, Mama."

"Hewa gani tena? Si ndiyo hiyo baridi naifukuza? Nanunua blanketi halafu unaniachia miguu nje?"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Ningesema, "Mama, sijui kukueleza vizuri, ngoja nimwite Wekesa." Maneno machache tu. Lakini kusema sijui mbele ya mwalimu mkuu, siku yangu ya tatu ya kuwa fundi kamili, na penseli mpya sikioni? Na kwa kweli nilikuwa naanza kumwona ana akili. Blanketi ni blanketi. Nikasukuma pamba mpaka pembezoni kote, nikaikandamiza kwa fito isibaki hata nafasi ya kidole. Kisha nikakata mbao nyembamba mbili nikapigilia misumari juu ya vile vidirisha. Popo kwaheri. Nyumba ikawa na joto kweli, na Mama Mwalimu akanipikia kuku.

Kama utakumbuka jambo moja la kazi kutoka kwenye barua hii, kumbuka kwamba kosa langu lilifanya kazi kwanza. Hakuna aliyelalamika. Likasifiwa.

Mwaka uliofuata, Julai, akanipigia simu kwa jirani. Sisi bado hatukuwa na simu, wewe ulikuwa darasa la saba. "Fundi, hii dari yangu inalia." Nikaenda. Sebuleni kulikuwa na madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika, na juu ya kitanda chake bodi imevimba ikashuka tumbo. Nikaziangalia zile bodi, na nikajua. Unajua nilijuaje? Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Kulikuwa na ule umande na mawingu ya Julai basi, hata vumbi la barabarani halikuwa limelala. Paa likivuja linavuja wakati wa mvua. Hili lilikuwa linavuja wakati wa baridi.

Nikapanda. Nikamulika kurunzi. Ile karatasi ya lami ilikuwa imejaa matone chini yake, maelfu, yamening'inia, na ukigusa moja yanateremka mengine. Pamba imelowa kama tambara la kupigia deki. Bafu lake lilikuwa na ile shawa ya umeme ya maji moto, na jikoni maharagwe yalichemka asubuhi nzima, na mvuke wote huo ulikuwa unapanda kupitia matundu ya taa na mlango wa dari, unafika juu, unakuta baridi na hauna pa kutokea. Nyumba ilikuwa inatoka jasho ndani ya koti nililoivalisha. Nilisimama pale nikaona kila kitu, kama ambavyo Wekesa angekiona.

Nikashuka. Mama Mwalimu akauliza, "Ni nini?"

Nikasema, "Ni vigae, Mama."

Sikupanga. Wallahi sikuamka asubuhi ile nikiwa na nia mbaya na mtu. Lilitoka tu, kwa sababu vigae havikuwa vyangu.

Akamwita Wekesa siku iliyofuata, na mimi akaniambia niwepo. Wekesa alikuja na mfuko wake wa kazi, akapanda, akakaa huko muda mrefu. Nilimsikia akitembea taratibu juu ya mbao mpaka ncha ya kwanza ya nyumba, akasimama, kisha mpaka ncha ya pili, akasimama. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Mama, vigae viko sawa," akasema. "Hii ni jasho. Hewa imefungiwa. Fungueni pande zote mbili na mvute pamba nyuma, itakauka."

"Jasho?" Mama Mwalimu akasema. "Nyumba inatoka jasho?"

"Ndiyo, Mama. Mvuke wa bafu na wa jikoni."

"Wekesa, mimi nimefundisha miaka yangu yote. Usinifanye mtoto. Maji ipitie dari yangu, wewe ndiye umeweka paa, halafu uniambie ni hewa?" Akanigeukia. "Baba Naliaka, wewe ulisema vigae. Bado unasema ni vigae?"

Wekesa akaniangalia. Kama angenikodolea macho ya hasira ingekuwa rahisi, ningekasirika na mimi. Aliniangalia tu akisubiri, kama anavyosubiri nimpitishie nyundo. Mtunza bustani alikuwepo, msichana wa kazi alikuwepo amesimama na ndoo, wote wakanisubiri.

Nikasema, "Hivyo vigae, Mama, vinahitaji kuangaliwa."

Ndiyo hiyo sentensi. Nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Hata si uongo kamili, ona ujanja wake! Kila kigae duniani kinahitaji kuangaliwa.

Wekesa hakubishana. Aliokota mfuko wake. Nilimsindikiza mpaka langoni kwa sababu sikujua la kufanya na miguu yangu, na pale langoni akaniambia, "Fungua yale matundu, Baba Naliaka. Zile mbao zitaoza zimwangukie huyo mama." Akaenda. Nilifikiri atanitukana. Alikuwa anaogopea nyumba.

Wiki ile nikapanda na kilemba kichwani na nyundo, nikang'oa mbao zangu mbili, nikavuta pamba nyuma upana wa kiganja, nikaweka wavu wa popo. Nikatembeatembea juu ya vigae nikigonga hapa na pale ili nisikike. Dari ikakauka. Mama Mwalimu akawaambia watu wote kwamba Wekesa alimharibia paa na Baba Naliaka akalitengeneza. Wewe umekua ukijua kazi ya kule inavyopatikana. Hakuna tangazo. Mama huyu anampigia yule, yule anamwambia wa jumuiya yake ya kanisa, na askari wa malango nao wana habari zao. Njia hiyo hiyo inayokuletea kazi ndiyo inayokufungia. Kabla ya Krismasi malango yote ya Spring Valley na nusu ya Lavington yalikuwa yananijua mimi na hayamjui Wekesa.

Nilimwona mara moja baada ya hapo. Alikuwa Hurlingham nje ya duka la vifaa vya ujenzi, amekaa juu ya mfuko wake pamoja na vijana wa kibarua, wanangoja gari lisimame liseme nataka wawili. Mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa upande huu. Nilivuka barabara. Mwaka huo nikasikia amerudi Bungoma. Na sijui kama ni mwaka huo au uliofuata ndipo nilipoanza kuwahadithia nyinyi mezani. Ukisema uongo mara moja unauogopa. Ukiwaambia watoto wako unaanza kuuamini, kwa sababu wao wanakuamini.

Sasa nikwambie ya wiki hii, maana barua hii si ya kulia tu.

Alhamisi nilienda kwa Mama Mwalimu. Amezeeka sana, anatembea na fimbo, lakini macho ni yale yale ya mwalimu mkuu. Akadhani nimekuja kuangalia mifereji ya paa. Nikamwambia yote, nimesimama, sikukubali kiti.

"Wekesa alikuwa na watoto wangapi?" akauliza.

"Wanne, Mama."

"Mimi niliambia watu wote," akasema. "Wote. Nilisimama kwa kamati ya kanisa nikasema msimpe huyu mtu kazi ya jumba letu. Nilidhani nawasaidia." "Alikuja kwangu akaniambia ukweli kwa nyumba yangu, nikamwambia asinifanye mtoto."

"Makosa ni yangu, Mama."

"Najua ni yako! Unadhani sijui ni yako? Toka kwangu, fundi."

Nikatoka. Askari akafunga lango bila kuniambia kwaheri, na ni mtu tumekunywa naye uji miaka mingi. Ijumaa mama mwingine wa Lavington, ambaye ningeanza dari yake kesho, akanipigia kwamba nisubiri kwanza. Sikumuuliza kwa nini. Usianze kuhesabu tutakula nini, bado nina mikono, na Kangemi nayo ina mapaa.

Ijumaa hiyo hiyo nikamwambia mamako. Akaacha kukata sukuma. "Miaka nane umekula na mimi, na hiyo kitu iko kwa tumbo yako?" Akaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa tayari, kwa kelele. Kisha akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaenda." Jana nikaja nikasimama karibu nawe ukipiga nguo pasi. Unakumbuka? Niliishia kukuuliza kama waya wa pasi una shida. Haukuwa na shida. Ndiyo maana naandika.

Umesoma kuliko mimi. Ile hewa ya darini wewe unaweza kuichora kwa mishale, nimeiona kwenye daftari hili hili, inaingia pembezoni inatokea juu, na nambari zake. Siwezi kukufundisha hiyo. Lakini mchoro hauna mama mwenye nyumba anayekuuliza mbele ya watu. Utaulizwa, mwanangu, na jibu utakuwa nalo, na kitakachokuzuia hakitakuwa ujinga. Kitakuwa kitu kidogo kabisa, penseli sikioni. Nikukumbushe pia kwamba wewe una kiburi changu, na usijifanye hujui. Nimekuona ukibishana na mwongozo wa jiko la gesi.

Huyo mzee ndiye fundi bora niliyewahi kumwona. Akikwambia acha upana wa kiganja, acha upana wa kiganja. Akikusemesha kama mtoto mbele ya mwenye ngazi, meza hasira, sikia maneno. Jina langu liko kwenye karatasi zako, bila shaka ameshaliona, na hata hivyo amekuchukua. Sijui maana yake. Huenda amesahau, lakini sidhani. Huenda alisema tu, huyu msichana anajua kupima. Akikununia wiki nzima, ana haki ya kuninunia mimi na wewe ndiye uliye karibu, basi vumilia. Lakini usimwombee msamaha wangu. Usimpelekee salamu zangu, usimwambie "Baba anasema pole". Pole yangu haiwezi kufika kwa mkono wa mtoto.

Jumamosi nakuja Bungoma. Nimeshakata tiketi, mamako anajua. Nitafika pale shuleni saa nne, mafundi wakiwa wote kazini, nitamwomba Wekesa awakusanye chini, na nitasema habari ya ile dari ya Spring Valley kama nilivyoiandika hapa, na jina langu na lake. Niliunyamazia ukweli mbele ya watu, kwa hivyo siwezi kwenda kusema pembeni, sisi wawili, halafu tushikane mikono yaishe. Najua itakuwa wiki yako ya kwanza. Najua kuanzia Jumatatu watakuita mtoto wa yule mzee wa uongo, na wengine watakuita hivyo mpaka bweni la nne limalizike. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lango la Mama Mwalimu. Nakuomba radhi kwa hilo mapema, Naliaka, na hilo ni lako peke yako, halimhusu Wekesa.

Ukitaka kuniambia nisije, niambie kesho kabla basi lako halijatoka. Nitakusikiliza mpaka mwisho, na sitakasirika. Kisha nitakuja.

Na siku hiyo ukiniona naingia langoni, usije kunipokea. Baki pale ulipo, usimame upande wa fundi wako.

Babako